Siku Chef Alipolazimika Kula

Tarehe 3 Oktoba 1960, siku yangu ya kwanza ya kazi, nilipoteza ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Msumeno wa mashine uliichukua taratibu, na kwanza sikusikia maumivu. Nilisikia kama mtu ameniita kutoka mbali. Mwanaume mmoja aliyekuwa amesimama pale alinifunga mkono kwa kitambaa chake, kisha akapiga magoti na kutafuta kile kipande katika unga wa mbao mpaka akakipata. Alikipeleka nyumba ya pili, ya kuyeyushia chuma, na kukifukia katika mchanga mweusi. Aliporudi aliniambia, "Sasa uko na kaburi humu. Hautakimbia kazi tena."

Huyo alikuwa Ilunga. Tumemzika mwaka huu, kabla mvua haijakatika, na ndiyo sababu ninaandika.

Vijana wa Likasi huniuliza modeleur, kama nilivyokuwa mimi, ni mtu gani, kwa maana kazi yenyewe karibu imekwisha. Modeleur anachonga kwa mbao kitu ambacho baadaye kitakuwa chuma au shaba: gurudumu, bomba, jino la mashine ya kusaga mawe ya chokaa ya Kakontwe. Hatumii mita ya kawaida. Mita yake ni ndefu kidogo kuliko ya kweli, kwa sababu chuma kikipoa hupungua. Kila kitu nilichokifanya maishani kilikuwa kikubwa kidogo kuliko kilivyotakiwa kuwa. Kisha mouleur, na huyo ndiye Ilunga, anafukia ile modeli katika mchanga, anaushindilia, anaitoa modeli polepole, na panabaki nafasi tupu yenye umbo lake. Humo ndimo moto unamomiminwa. Ilunga alikuwa akinitania: "Weye unafanya kintu, minye nafanya tundu yake. Nani njo fundi?"

Lakini mchanga ule ulikuwa na vumbi jembamba kama pumzi. Kaka yake Ilunga aliufanyia kazi miaka kumi na akafa kwa kifua. Ilunga naye alikuwa ameanza kukohoa asubuhi. Alitaka kitu kimoja tu: kutoka kwenye mchanga na kuja kwenye mbao, meza ya pili kando ya yangu, iliyokuwa wazi.

Mkubwa wetu alikuwa Chef d'atelier, Mbeleji mrefu, mpole, aliyetembea kama mtu anayeogopa kumwamsha mwingine. Katika klabu ya wazungu hakuna aliyemshinda katika mchezo wa sataranji. Kikombe chake kilikaa juu ya kabati la michoro. Mwaka 1961 aliniamuru nimchongee kete mpya, nusu kwa mulombwa mwekundu, nusu kwa mbao nyeupe. Ili nijue ninachochonga, alinieleza kila kete inavyotembea. Farasi aliruka, mnara ulikwenda moja kwa moja, malkia alikwenda atakako.

Jioni nilimweleza Ilunga, na kwa miezi mitatu, kabla sijazikabidhi, tulizicheza sisi. Hapo nilifanya kosa. Chef hakuniambia lolote juu ya kula, nami nikadhani ni kama dame, ile tuliyocheza wote kwa vifuniko vya chupa: ukiweza kula, ni lazima ule, hata kama kula kunakuua. Basi tulicheza sataranji ya namna hiyo, isiyochezwa popote duniani. Ilunga aliipenda. Alikuwa ananilisha kete zake moja moja, nami nikila tu, kama mtu anayevutwa kwa kamba katika ndoto, mpaka mfalme wangu anabaki peke yake.

Siku za amani Chef alicheza saa sita mchana na yeyote aliyetaka, juu ya meza ya michoro. Mara ya kwanza Ilunga alipoketi mbele yake, alimtolea farasi na kungoja. Chef hakula. Ilunga akamwambia kwa heshima kwamba ni lazima. Chef alicheka mpaka akavua miwani, akaeleza kwamba hapa si dame, hakuna anayelazimishwa. Ilunga alishindwa upesi sana siku ile. Watu wa forji, wale wafua chuma, walimwita Bwana Lazima kwa muda mrefu.

Hakunikasirikia. Alirudi nyumbani na kukaa na karatasi aliyoichora miraba. Nilimwuliza anatafuta nini. Alisema anatafuta mahali ambapo hata katika mchezo wa wazungu mtu hana njia ila kula.

Mwaka 1962, wakati wa kiangazi, alikwenda kuomba ile meza ya pili. Chef alimjibu kwamba modeleur lazima aone kitu kabla hakijakuwapo, na mouleur amezoea kupewa kitu kilichokwisha kuonwa. Ilunga aliuliza itakuwaje akimshinda kwa kete. Tulikuwa wengi pale. Chef alitutazama, akasema, "Ukinishinda, nasaini karatasi siku ileile." Nadhani alisema kwa kufurahi tu. Lakini alisema.

Walicheza siku iliyofuata. Chef alitaka kumwachia malkia, yaani acheze bila wa kwake, kama alivyowaachia wote, lakini Ilunga alikataa. Nakumbuka mwanga uliingia kwa madirisha ya juu ukiwa na vumbi la mbao ndani yake, na mashine zimezimwa, na mji wote, ambao wakati ule uliitwa Jadotville, ulikuwa kimya kana kwamba umelala na macho wazi. Nje kulikuwa na vizuizi vya askari na bendera mpya. Ndani kulikuwa na mikono miwili tu, mmoja mweupe, mmoja wenye mchanga kwenye kucha.

Mfalme wa Chef alikuwa amejificha pembeni, askari wake wawili wa mbao mbele, mnara wake karibu. Ilunga alishika malkia, yule wa mulombwa, akamweka kando kabisa ya mfalme. Mtu mmoja nyuma yangu aliguna. Chef alimtazama Ilunga kwa huruma.

"Rudisha, Ilunga. Nilikuambia, hapa hakuna lazima."

"Angalia vizuri, Chef. Leo iko lazima."

Chef aliangalia. Mfalme alikuwa ametishwa, na hakuweza kumla malkia, kwa sababu farasi wa Ilunga alimlinda. Hakuweza kukimbia, maana wake mwenyewe walimzunguka. Mnara peke yake ndio ulioweza kula. Chef aliangalia muda mrefu sana, nami niliona shingo yake ikiwa nyekundu. Kisha akala. Mnara ukasimama pale malkia alipokuwa, ukaziba nafasi ya mwisho, na farasi akaruka. Mfalme alikuwa amefungwa katika nyumba yake.

Chef alisema, "Mon Dieu, Ilunga." Akaandika ile karatasi palepale, akaigonga muhuri, akamsukumia Ilunga kete zote pamoja na sanduku.

Karatasi ilisema ataanza mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata. Kabla ya hapo vita vilirudi, madaraja ya mto Lufira yakavunjwa, Chef na jamaa yake wakaenda kusini, na mwanzo wa 1963 askari wa ONU, Umoja wa Mataifa, wakaingia mjini. Tulipoitwa tena kazini tulimkuta Injinia mpya. Alikuwa na ile karatasi mkononi. Alikuja kwenye meza yangu na kuniuliza kama kazi ya modeli inatosha watu wawili.

Ilitosha. Nilimjibu, "Hapana, Bwana Injinia. Ni ya mtu mmoja."

Kidole changu kilikuwa kifupi, na Ilunga alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Niliogopa mwaka mmoja tu ungepita nami ningetumwa kwenye mchanga. Injinia aliiweka karatasi mfukoni.

Baadaye nilipelekwa Kakanda, kwenye mgodi mwingine, miaka minne, nikarudi kuwa mkubwa wa modeli, nikastaafu na mapafu mazima. Ilunga alibaki kwenye mchanga mpaka walipomwondoa kwa ugonjwa. Miaka yote ya uzee tulicheza kila Jumapili baada ya misa, kwa kete zilezile, na kila Jumapili nilikwenda nikiwa na neno ambalo nilirudi nalo.

Jumapili ya mwisho nililisema. Nilimwambia swali la Injinia, jibu langu na sababu yake. Alikuwa ameegemea mto, akivuta hewa kidogokidogo.

"Alikuuliza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na weye ulijibu mbio?"

"Mbio, ndugu yangu."

Aliitazama meza ya kete kati yetu, mchezo ukiwa nusu. Kisha akamshika malkia wa mulombwa, akamweka kando ya mfalme wangu. Nilitafuta njia nyingine, haikuwapo. Nikala kwa mnara. Aliinua mkono kuelekea farasi, lakini nguvu zikamwishia, akanionyesha kwa kidevu. Nikamshika farasi wake, nikamrusha nilikojua anatakiwa kwenda.