Ukurasa wa Jivu

Juzi kitukuu changu Nasra kaniwekea kitabu kipya mapajani, nikakinusa kabla sijakitazama. Gundi na wino. Ndani kuna kinyonga anayebadilika rangi kila kipindi, na konokono anayefika shuleni wenzake wakifunga madaftari, na mwalimu anawapenda wote hivyo hivyo walivyo. Nasra alicheka. Mimi nilimkumbuka baba.

Ngoja niwataje waliokuwepo siku ya kitabu chetu cha shule. Zubeda, binti wa baba yangu mdogo. Salimu, mtoto wa mjomba. Mwalimu Rukia, mgeni wetu kutoka Pangani. Baba yangu, Hassani, mkulima wa kabichi, siku hiyo amevaa koti lake la kahawia la Idi. Na mimi, Mwanaidi, darasa la kwanza, huku Gare milimani.

Mwalimu Rukia alikata mifuko ya saruji, akatugawia kila mmoja kipande. "Chora asubuhi ya kwenu," akasema. "Tutashona kitabu, wazazi waje wakione." Ili tuelewe, akachora ubaoni asubuhi ya kwao: jua na mnazi. Basi, darasa zima likachora mnazi! Watoto wa milimani sisi, mnazi hatujauona hata siku moja. Wa Salimu ulifanana na ufagio uliosimamishwa kichwa chini.

Lakini mimi kwetu asubuhi sikuwa naona jua. Niliona ukungu. Nikaenda na karatasi yangu nyumbani, nikakoroga jivu na maji, nikaipaka yote. Katikati nikaweka doa la udongo mwekundu: moto wa mama, unavyoonekana mlangoni mtu akirudi kuchota maji.

"Mwanaidi karatasi yake kasugulia sufuria!" Zubeda akapiga kelele, darasa likaangua kicheko.

Nililia, nikamwomba mwalimu autupe ukurasa wangu. Nilijua baba anakuja kufanya nini. Alishasema nyumbani kwamba siku hiyo ya wazazi ataniagia shuleni, niache masomo nikamlee mtoto wa shangazi huko Mombo. Nilitaka angalau akute kitu kizuri.

"Ndiyo kwenu hapa?" mwalimu akauliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Akaushona pamoja na kurasa za wenzangu, kwa uzi wa katani.

Siku ikafika. "Shikamoo, baba Mwanaidi," mwalimu akamwamkia.

"Marahaba, mwalimu." Baba akakaa na kile kitabu, nami nimesimama pembeni yake. Akafunua. "Hii nini?"

"Mnazi, baba."

"Na hii?"

"Mnazi."

"Na hii?"

"Mnazi wa Salimu."

"Huu unaumwa."

Akafika kwenye jivu. Akaweka kidole karibu na lile doa jekundu, taratibu, kama vile lingemuunguza.

"Mama yako kaamka," akasema.

Akafunga kitabu, akamuuliza mwalimu masomo yanaendelea lini. Habari za Mombo hakuzitaja tena mpaka nilipomaliza darasa la tatu.

Miaka mingi nilidhani alipenda tu ile rangi. Nimekuja kuelewa ukubwani, alipokuwa akiniletea barua za watu nimsomee. Baba hakujua kusoma hata jina lake. Katika kitabu kile kizima, wangu ndio ukurasa alioufungua asiulize.

Zubeda, na wengine mliokuwepo, kama koti halikuwa la kahawia, nisahihisheni.