Majina Katika Ngolo za Flaviani

Flaviani wa Mapera alikuwa mtu wa kusahau majina tangu utoto, na watu walimcheka kwa hilo, kwa upendo na bila huruma. Siku ya harusi yake alisimama mbele ya padri akamwita bibi harusi Getrude, na Getrude ni shemeji yake. Hedwiga, mkewe, alimsamehe, ila kulisimulia hakuacha. Mtu wa namna hiyo ndiye Mungu aliyemchagua arudi peke yake kutoka vitani.

Wala hakwenda kupigana. Waingereza walipoichukua nchi kutoka kwa Wajerumani waliwakusanya wanaume wa milimani na wa ziwani wawabebee risasi na unga, wakavuka nao Ruvuma kwenda kusini. Kule risasi hazikuwagusa. Waliuawa na kuhara, njaa na mvua; mtu alilala kando ya njia na mzigo wake ukagawiwa wenzake. Flaviani alirudi mbavu nje, na kabla hajapata hata nyama ya mashavu, watu wakaanza kubisha hodi.

Walikuja kwa sababu ya desturi. Msiba wa mtu aliyefia mbali haukufungwa mpaka aliyemwona akifa aingie nyumbani kwa marehemu, asimame katikati ya chumba na kulitaja jina lake kwa sauti. Bila hivyo mjane hakunyoa nywele wala hakuolewa, na mama aliendelea kumwekea mwanawe chakula kila jioni. Wote walitaka jambo moja kwa Flaviani, nalo ndilo hakuwa nalo. Nyuso alikuwa nazo zote. Zilimjia mchana kweupe, akiwa anakula au ananawa, zikamtazama. Majina yalikuwa yamebaki porini pamoja na mifupa, na aibu ilimtafuna.

"Wewe majina husahau," Hedwiga akamwambia, "lakini shimo gani lilitoa mahindi mabovu mwaka juzi, hilo unalijua. Basi wapande hao watu shambani."

Shamba lao lilikuwa la ngolo, kama yote ya Wamatengo, kwenye mteremko mkali. Mwanamume hulaza majani aliyofyeka kwa mistari inayokatana, kisha mwanamke huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani, mpaka mlima mzima unakuwa mashimo na matuta. Mwaka ule Flaviani alilaza majani kwa kumpa kila marehemu mraba wake. Hedwiga alipomaliza kuchimba, mumewe alikaa ukingoni mwa kila shimo na uso mmoja tu. Huyu alimtukana nani? Alipougua alimwita nani? Aliapa kwa nini? Alijiuliza hivyo hadi jua likamchoma, na siku nyingine jina lilikuja lenyewe, akalisema kwa nguvu, ndege wakaruka.

Kwa namna hiyo mashimo yakapata wenyewe. Akaenda nyumba kwa nyumba kuyataja, na waliokuwa wakimcheka wakaanza kumsifu. Hata kutoka Liparamba walimfuata. Na yeye, binadamu ni binadamu, akavimba kichwa. Sokoni alisalimia kila mtu kwa jina lake na la baba yake, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa soko.

Shimo moja tu lilikataa. Lilikuwa la kijana wa ziwani, mwenye mazoea ya kufunga mafundo katika kila kamba aliyoipata, akiyakaza kwa meno kama watu wa nyavu. Alilala chini ya mti, mvua ikimpiga, akalitaja jina lake mara tatu. "Ukifika nyumbani, kaka, unitaje." Flaviani akajibu ndiyo, huku mzigo uko kichwani na akili yote iko kwenye uji uliokuwa unagawiwa mbele. Tangu shimo lile lichimbwe, kijana alikuja kila siku kukaa ukingoni mwake, kamba mdomoni, akingoja. Hedwiga alipanda maharage humo, yakastawi kuliko yote. Flaviani hakuyala.

Kisha akaja Tadea, mwanamke wa Mbaha, amepanda mlima kutoka ziwani na nywele za msiba zimemfunika masikio.

"Shikamoo, baba. Namtafuta mume wangu, Nazari. Alichukuliwa kubeba mizigo."

"Marahaba, mwanangu. Alikuwaje?"

"Mvuvi. Hakuweza kukaa na kamba bila kuifunga fundo. Alikaza kwa meno."

Flaviani akamkumbuka kijana wa kamba. Jina lile halikugonga popote kichwani mwake, na alijua kwamba halikugonga. Lakini shimo tupu lilikuwa limemchosha, na mwanamke alikuwa anangoja mbele yake, na sifa zake za sokoni nazo zilikuwepo. "Ndiye," akasema.

Akateremka naye mpaka Mbaha, akasimama katikati ya chumba, akataja: Nazari. Tadea akalia kilio cha kufungua kifua. Mama wa Nazari, bibi Kunigunda, alikaa karibu na mlango akitazama njia. Nywele zikanyolewa, na baada ya muda Tadea akaolewa na Kilian, jirani, akazaa.

Kijana wa shimoni hakuondoka. Alianza tu kukaa akimgeuzia Flaviani mgongo, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Siku moja, miaka kadhaa baadaye, Flaviani alikuwa akifyeka, akasikia hodi ya mgeni. Mtu mwembamba mwenye mvi changa alisimama juu ya tuta.

"Mimi ni Nazari wa Mbaha," akasema. "Nimesikia ulinizika."

Flaviani aliangusha panga. Akakaa chini, akapiga ishara ya msalaba.

"Usiogope, mzee. Niliachwa hospitali Nyasaland, nikapona, nikalima mashamba ya watu huko. Nimerudi nimekuta mke wangu ana watoto wa Kilian. Sikuja kugombana, machozi yangu nimeshayamaliza. Nataka kujua ulimwona nani."

Flaviani akamweleza yote: mti, mvua, kamba, meno. Nazari alisikiliza mpaka kwenye meno. Hapo akakaa naye chini.

"Fundo lile baba alitufundisha wawili," akasema. "Mdogo wangu Egidi alijiandikisha baada yangu ili anitafute. Mama alimkataza kila mtu kumtaja pamoja na wafu."

Egidi. Jina liliingia kichwani mwa Flaviani na sauti yake, na mvua yake, mara zote tatu. Alilia kama mtoto. Ukingoni mwa shimo kijana aligeuka, akamtazama.

Desturi ilibaki ile ile, na mtajaji alikuwa mmoja. Wakateremka pamoja. Flaviani alijua kwamba safari hii anakwenda kumnyang'anya mama mzee mtoto kwelikweli, na alitamani njia iwe ndefu zaidi.

Bibi Kunigunda alikuwa mlangoni. Alimtazama Nazari, akamtazama Flaviani, na kabla hawajakaa alikuwa ameelewa. Flaviani alingoja kilio. Badala yake kikongwe alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, uso unang'aa.

"Ni wewe uliyekuja kumtaja Nazari," akasema. "Ukamtaja, na akarudi. Karibu, baba, karibu! Nilikuwa nakusubiri. Mtaje na Egidi."

"Mama," Nazari akasema, "sikiliza..."

"Nyamaza wewe, umeshakuja. Baba, mtaje mwenzake."

Flaviani alitazama huku na huku, hakuna aliyemsaidia. Akasimama katikati ya chumba, akalitaja kwa sauti, kama alivyoombwa porini. Safari hii hakukosea.

Bibi Kunigunda alipiga vigelegele. Kisha akachukua ufagio, akaanza kufagia chumba cha Egidi.