Sinia la Sambusa na Kura ya Madam

Nakumbuka Jumamosi moja kule Doha, mwanangu, siku niliyompa mgombea wa Kimarekani ushindi kwa sambusa. Usicheke bado. Ngoja kwanza nikueleze.

Nilikuwa mpishi nyumbani kwa Madam, mwalimu wa Kimarekani, huko Al Wukair, nje kidogo ya mji, enzi hizo mchanga kila upande na nyumba zinaota moja moja. Shule niliishia darasa la nne, lakini sambusa zangu, nasema bila haya, watu walivuka mji mzima kuzifuata. Nyama ya kusaga, kitunguu kingi, bizari nimeikaanga mwenyewe, manda nyembamba mpaka unaona mwanga upande wa pili.

Mwaka ule kwao walikuwa wanatafuta rais. Wenzetu wana utaratibu wao: kabla ya uchaguzi wenyewe, kila chama kinachagua kwanza mtu wake, jimbo baada ya jimbo, miezi mizima. Na kabla jimbo halijapiga kura, kuna watu wanawauliza wapiga kura, "Wewe utampa nani?" Wanajumlisha, televisheni inatangaza nani yuko mbele. Madam alikuwa na mtu wake. Akitoka shuleni, hata viatu havui, anakamata simu na kuwapigia watu wa jimbo lake waliokuwa Doha, wa chama chake, kwa maana nao wanapiga kura kwa karatasi za kutuma kwao kwa posta. Anawabembeleza mmoja mmoja. Sauti ikamkauka, nikawa namchemshia tangawizi.

Siku moja akapata wazo. Akawaalika wote kwa chai. Kila mtu apewe karatasi, aweke alama kwa anayemtaka, ili Madam ajue kama kazi yake imezaa kitu au bado.

Nilimpenda yule mama. Nilipougua homa alinilaza chumbani kwake akanipikia uji. Uji mbaya, mwanangu, kama gundi, lakini alinipikia. Nikasema moyoni, leo Madam haumii mbele ya macho yangu.

Wageni wakaja, karatasi zikagawiwa, nikatoka jikoni na sinia. Nikamfikia baba mmoja mnene, kalamu mkononi. Nikachungulia. Majina yalinishinda kusoma, lakini picha zilikuwepo, na kalamu inaelekea kwa yule mwingine! Akanyoosha mkono achukue sambusa, nikavuta sinia. Akanyoosha tena, nikavuta tena. Nikamwonyesha kwa kidole picha ya mtu wa Madam. Akanitazama mimi, akaitazama sambusa, akacheka, akaweka alama. Nikampa mbili.

Sebule nzima nikaenda hivyo hivyo. Bibi mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Na chatne iko wapi?"

"Weka alama kwanza," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha jikoni. Akaweka.

Wageni walipoondoka Madam akahesabu. Karibu zote za mtu wake! Akanikumbatia akanizungusha. "Hamisa, tumeshinda! Sipigi simu tena, nakwenda kupumzika." Mimi nikajiona fundi wa siasa.

Dereva wetu alikuwa Mzee Haji, mtu wa Makunduchi, aliyefika Ghuba ndevu zake zikiwa bado nyeusi. Ndiye aliyewarudisha wageni makwao, mtaa wa Al Sadd, kwa kosta. Aliporudi akakaa kwenye ngazi ya jikoni. Nikamwekea chai na sambusa. Hakugusa.

"Hamisa, hivi umewafanya nini watu wale?"

"Nimewalisha."

"Njia nzima wanacheka. Yule mnene anasema, mimi mtu wangu ni yule yule, lakini kwa sambusa ile ningemchagua hata paka. Na wenziwe, hata mimi, hata mimi!"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Cheka we, cheka. Karatasi za kweli wanazituma wiki ijayo. Mwanamke wa watu keshaweka simu chini, anajua kamaliza. Unamtakia mema, au unamtakia aibu?"

"Nilitaka afurahi, Mzee Haji."

"Keshafurahi. Sasa kamwambie. Na ukumbuke, mwanangu, wewe hukumsaidia kuuliza. Umemziba masikio."

Akainuka, chai yangu ameiacha inapoa. Nikaliosha lile sinia mara tatu. Nikisema, viza yangu iko mkononi mwa Madam, na wanangu wawili Tanga wanakula kwa jiko lile. Nisiposema, atashindwa na hatajua kimetokea nini.

Nilimkuta amelala kwenye kochi, miguu juu. "Madam, kura zile ni za sambusa." Hakuelewa. Ikabidi niigize: sinia, kuvuta, kidole, picha. Uso wake ukawa mwekundu kama nyanya ya kopo.

"Wote?"

"Karibu wote."

"Hata bibi wa miwani?"

"Huyo kwa chatne."

Akaniambia toka. Nikatoka, nikaanza kukunja nguo zangu.

Kesho yake nikasikia kosta inawashwa. Alikwenda mwenyewe na Mzee Haji, nyumba kwa nyumba, na kisanduku kimefungwa gundi. Kila mtu akaandika peke yake, akakunja, akatumbukiza. Alipokifungua mezani, mtu wake alikuwa nyuma, tena nyuma sana. Nilidhani atalia. Akavuta kiti, akakamata simu. "Hamisa," akaita, "tangawizi!" Hapo nikazikunjua nguo.

Wiki nzima alipiga simu. Jimbo lilipopiga kura, mtu wake akashindwa. Madam akaja jikoni akaegemea friji.

"Tumeshindwa. Lakini yule mnene kanipigia, safari hii amempa mtu wangu kweli. Na bibi wa miwani pia. Sasa lete sambusa."

Nikaleta. Akaninyang'anya sinia, nikanyoosha mkono nichukue moja, akalivuta nyuma. "Weka alama kwanza!" Tukacheka mpaka Mzee Haji akachungulia dirishani, na siku hiyo alikula nne.

Basi, mwanangu, nakuona na simu yako ukiwauliza watu nani atashinda, fulana ya mgombea wako umeivaa, soda umewanunulia. Ukimuuliza mtu jambo, weka sinia chini kwanza. Mwache aseme lake, hata likikuchoma. Na umpendaye usimfiche hali yake ili atabasamu leo. Mwambie wakati siku bado zipo, ashike simu yake afanye kazi.

Mungu akupe masikio mapana na moyo usioogopa jibu. Akupe na bosi anayejua kukasirika na kucheka ndani ya wiki moja. Na mikono yako isikose cha kuwapa wageni, wakishamaliza kusema. Amina.