Karatasi Chini ya Siti

Nakiri mapema msije mkaniuliza baadaye: ni kweli, mimi ndiye yule mwalimu aliyemwita fundi mwizi mbele ya kanisa kule Kawetele, Jumapili ya mavuno, uwanja umejaa watu. Aibu ninayo, lakini kuliko aibu nina hasira, na kibaya zaidi sina pa kuzipeleka.

Chanzo ni milima. Mimi kwetu Singida, ardhi imenyooka mpaka unachoka kuitazama, serikali ikanipangia kufundisha Kyimo, nikapata chumba Tukuyu mjini kwa Mama Tusekile, na nina kapikipiki kangu kadogo ambako kila asubuhi kakifika mlimani kanaanza kukohoa, bodaboda zenye abiria wawili na kuku zinanipita, na wanafunzi wangu wanaokwenda kwa miguu wananiamkia, shikamoo mwalimu, marahaba, halafu tunaongozana sambamba mpaka juu. Mtu mzima mwenye mshahara!

Nikaamua nikaongezee nguvu, nifunge bloku na pistoni kubwa. Hapo ndipo nilipowajua mafundi. Wa kwanza (Mungu amsamehe, mimi bado) alichomoa kabureta yangu nzima akaniwekea iliyochoka. Wa pili aliniambia nimwachie siku moja, siku ya nne nakutana na pikipiki yangu barabarani imepakia mikungu ya ndizi, anaendesha shemeji yake, na ananipigia honi nimpishe. Kuanzia hapo mtu yeyote mwenye spana kwangu alikuwa mwizi mpaka athibitishe vinginevyo.

Mama Tusekile ndiye aliyenipeleka kwa Fundi Anyitike, mzee wa kanisa lake, mtu mpole asiye na maneno mengi. Nilikaa pembeni yake juu ya kidumu kutwa nzima, namkazia macho kama msimamizi wa mtihani, na hakulalamika. Alipomaliza kuifunga ile pistoni kubwa akachukua karatasi, akaandika kwa vidole vyenye oili, akaikunja na kuiweka chini ya siti, akasema nikifika nyumbani niisome. Nikasema sawa. Sikuisoma. Pikipiki inanguruma vile, nani ana muda wa karatasi?

Siku ya tano ikawa ndiyo Jumapili ya mavuno, watu wanapeleka mazao kanisani. Mama Tusekile ana mkungu wake wa ndizi, mkubwa kweli, anatafuta bodaboda. Nikamwambia, mama, bodaboda ya nini, panda hapa. Nikampakia yeye, mkungu, na nusu debe la viazi, tukaukamata mlima wa Kawetele kwa fujo, nawapita wote walionipita mwaka mzima, na kila mmoja nampigia honi (ujinga huu sikufundishwa na mtu). Hatua chache kabla ya kanisa injini ikalia kama sufuria imeanguka, ukatoka moshi, tairi la nyuma likagoma, na sisi sote chini. Viazi vikarudi tulikotoka. Mama Tusekile akainuka ana tope mpaka kwenye kitenge chake cha kwaya, na bado yeye ndiye anayenipa pole kwa Kinyakyusa, ndaga mwanangu, ndaga.

Nikainua macho, nani yuko mlangoni anapokea mikungu? Fundi Anyitike, na suti yake. Damu ikanichemka.

"Mwizi mkubwa wewe! Umenifungia pistoni mbovu, halafu unasimama hapa kupokea sadaka!"

Wazee wakaniomba nishushe sauti, ndiyo kwanza nikaipandisha. Nikawatangazia watu wote wasimpelekee hata baiskeli. Yeye akaweka chini mkungu aliokuwa ameshika, akaja taratibu, akagusa injini, akamuuliza Mama Tusekile kama nimempakia toka Tukuyu, mama akasema ndiyo, na ndizi. Akainua siti. Karatasi ilikuwa pale pale. Hakuifungua, alinipa mimi.

"Wewe ndiye mwalimu. Tusomee."

Nikaanza kwa sauti ya chini, mzazi mmoja nyuma akasema hatusikii, nikarudia: pistoni ni mpya, wiki mbili usipakie mtu, usipande mlima na mzigo, usiikimbize, siku ya tatu ilete nibadilishe oili, hulipi. Hilo la hulipi lilinichoma kuliko yote. Na darasa langu la sita lilikuwa pale karibu lote, wale ninaowafokea kila mtihani kwamba hamsomi maelekezo.

Fundi akasubiri nimalize.

"Pikipiki nitaitengeneza, haijanitukana. Ila wewe gereji kwangu usikanyage, mpaka usimame hapa hapa, mbele ya hawa hawa, useme ulichosema ni uongo."

Wiki ya tatu sasa pikipiki imepona, naambiwa inawaka vizuri, na mimi natembea kwa miguu kwenye mvua hizi za Tukuyu nikiwa na hasira na kila mtu, na yule wa kabureta, na yule wa shemeji, na zaidi na huu mdomo wangu, maana fundi mwaminifu nilimtafuta mwaka mzima, nikampata, nikamharibia jina ndani ya dakika mbili. Jumatatu nimegawa mtihani, nikafungua kinywa niwaambie wasome maelekezo kwanza, nikaona nyuso zao, nikakaa.

Jumapili hii nitasimama. Nimeandika nitakachosema kwenye karatasi, na hii nimeshaisoma mara tatu.