Shafti ya Kijivu

Mimi nina ugonjwa wa kung'arisha. Karakanani kwangu Lizaboni hakitoki kitu bila kupigwa msasa mpaka mteja ajione meno, na nilikuwa najivunia hilo kupita kiasi.

Mwaka juzi Sista mmoja wa Ruhuwiko aliniletea mashine ya kusaga karanga za uji wa watoto wanaolelewa na masista. Shafti yake ya stenlesi ilikuwa inalika kwenye bushi, ile pete ya chuma inamozungukia, na chembe nyeusi zinaingia kwenye chakula. Stenlesi haishiki kutu kirahisi, lakini uso wake si mgumu, unalika upesi. Nikachonga shafti mpya, nikaituma kwa basi Dar kwa fundi mwenye tanuri la plazma. Alinieleza kwa simu: chuma kinafungiwa ndani, hewa inanyonywa, inaingizwa nitrojeni na kuwashwa kwa umeme mpaka inawaka zambarau, nayo inapenya kwenye ngozi ya chuma na kuifanya ngumu.

Shafti ikarudi ya kijivu, kama sufuria isiyosuguliwa. Nikaona aibu kumpa mtawa kitu kile. Nikaisugua mpaka ikameta, na Sista akaisifu sana.

Baada ya wiki tatu akarudi na bakuli. Chembe zilezile.

"Nilimfokea mpishi kwamba haoshi karanga," alisema. "Nikamwambia mwisho wa mwezi aondoke. Lakini leo kaziosha mbele yangu, na chembe zimo. Hebu angalia hiyo shafti."

Nikampigia fundi wa Dar. Akauliza swali moja tu: "Uliisugua?" Kumbe ile ngozi ngumu ni nyembamba kuliko unywele, na nilikuwa nimeimaliza yote kwa mkono wangu. Nikamwambia Sista ukweli.

"Kamwambie mpishi mwenyewe," alisema.

Mpishi ni mama wa makamo, mtu wa Nakapanya. Nilimkuta jikoni na ungo, anachambua karanga moja moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikainama, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba zile chembe ni chuma, na kosa ni langu.

Hakuinua uso. "Alhamdulillahi," alisema polepole. "Lakini mimi nilifokewa mbele ya jiko zima, baba. Wewe unaninong'oneza."

Nikasimama wima, nikarudia yote kwa sauti, mpaka waliokuwa wanaosha vyombo nje wakageuka.