Majina Yapo, Sauti Hazipo

Kwa miaka ishirini na tisa mwanamke mmoja alitunza chumba cha kanda katika kituo cha redio, na watu walimzoea mpaka jina lake halisi likapotea midomoni mwao, wakabaki kumwita Bi Kanda. Chumba chenyewe kilikuwa mwisho kabisa wa korido, jirani na choo cha wafanyakazi. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na rafu za chuma toka sakafuni hadi darini, na juu ya rafu kanda za zamani zile za magurudumu, kila moja ndani ya boksi lake la karatasi ngumu, na mgongoni mwa kila boksi mwandiko wa Bi Kanda: tarehe, kipindi, aliyesema. Mtayarishaji akija mbio kutaka sauti ya yule mkunga aliyehojiwa mwaka wa mafuriko, Bi Kanda hakufungua daftari. Alinyanyuka, akaenda rafu ya nne, akavuta boksi, akarudi kumalizia chai yake.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mumewe alifariki mapema, akamlea binti yao peke yake, na binti naye akaolewa mbali. Wenzake walimtania kwamba amezaa mtoto mmoja na kanda elfu nne. Yeye alijibu kwamba hao elfu nne angalau hawaombi nauli.

Katika hizo elfu nne ilikuwamo moja ambayo hakuitaja kwa mtu. Zamani, kabla hajaajiriwa, watangazaji walikwenda kliniki kuhoji wanawake waliokuwa wakisubiri zamu, na mmoja wao alikuwa mama yake. Dakika nne kasoro. Mama anaeleza namna ya kumtuliza mtoto anayeota meno, halafu anacheka, anamwambia mtangazaji ampishe kwa sababu zamu yake imefika. Mama hakurekodiwa tena popote mpaka anaingia kaburini. Picha zake zilibaki mbili. Sauti ilibaki hiyo tu, na Bi Kanda aliisikiliza mara moja kwa mwaka, mlango ukiwa umefungwa.

Kisha akaja mkurugenzi mpya, mtu wa mikono ya shati iliyokunjwa, mwenye haraka na kila kitu. Aliingia chumba cha kanda, akapiga chafya mara mbili, akasema pale patajengwa studio ya kisasa. Kanda zote zitaingizwa kwenye kompyuta. Alimsifu Bi Kanda mbele ya watu kwamba hakuna mwingine aiwezaye kazi ile, na Bi Kanda, ingawa alijua anavishwa kilemba cha ukoka, alifurahi kidogo. Wiki hiyohiyo akaletewa kompyuta moja ndogo na diski ya kuchomeka kwa waya, nyeusi, yenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Humo ndimo zitakamokaa sauti zote elfu nne.

Kazi ilikuwa ya subira. Kanda ya nusu saa haina njia ya mkato, lazima uicheze nusu saa nzima huku kompyuta ikinasa. Kwa kuwa kompyuta yenyewe ilikuwa na tumbo dogo, kila jioni kabla ya kutoka kazini Bi Kanda aliamuru kazi ya siku nzima ihamie kwenye diski. Kuhama kulichukua saa mbili na zaidi, kwa hiyo mara nyingi alibaki akipanga maboksi, na siku alizokuwa na haraka aliiacha ikihama, akafunga mlango, akaenda zake. Asubuhi alihakikisha, akafuta zilizokuwa kwenye kompyuta, akaanza nyingine.

Wiki ya tatu alifungua chumba akakuta kioo cheusi. Akagusa kipanya, kioo kikawaka, na katikati kulikuwa na onyo kwamba diski imetolewa bila kufuata utaratibu. Bi Kanda akainama chini ya meza. Diski ilikuwa palepale, waya umechomekwa, taa yake ndogo ya buluu inawaka. Akaenda kumwita fundi wa kompyuta, kijana ambaye jengo zima lilimwita Waya kwa kuwa nyaya zilikuwa daima zinaning'inia mifukoni mwake. Waya alikuja, hakukaa.

"Nani kaichomoa?"

"Hakuna aliyeichomoa, mwanangu. Mlango nimefunga mimi, nimefungua mimi."

Waya akafungua diski, orodha ya majina ikajipanga. "Haya si majina ya kanda za jana?"

"Ndiyo hayo."

"Majina yakiwapo, mama, basi kazi nayo imefika. Hayo maonyo ni makelele ya kompyuta tu. Bonyeza sawa, uendelee."

Bi Kanda aliuliza kama si vizuri kusikiliza kila moja hadi mwisho. Waya akacheka, akamwambia akisikiliza zote mara mbili atastaafu kabla hajafika nusu. Hata hivyo alipoondoka, Bi Kanda alisikiliza tatu za mwanzo. Zilikuwa safi. Akabonyeza sawa. Akafuta.

Toka siku hiyo, kila alipokuta onyo lile aliandika kwenye daftari lake: tarehe, na maneno mawili, diski imejitoa. Alimwambia Waya mara tano. Alimwandikia mkurugenzi mara mbili, na barua ya pili ikajibiwa kwa mdomo wa katibu muhtasi kwamba afuate maelekezo ya fundi. Miezi ilivyopita akaanza kuona mkondo wa jambo lenyewe. Siku alizochelewa kutoka, akawa bado anapangapanga maboksi na kusogeza kipanya, onyo halikuja. Siku alizowahi nyumbani, lilikuja. Akamkamata Waya kwenye korido.

"Hii kompyuta ikilala, diski inaondoka."

"Kompyuta lazima zipumzike, mama. Kama watu."

Alisema hivyo huku akitembea, na watu wawili waliokuwa wakipita wakacheka. Bi Kanda naye akatabasamu, maana ungefanyaje? Alikuwa mwanamke wa kanda za magurudumu anayemfundisha kazi kijana aliyesomea kompyuta. Akarudi chumbani. Hakuuliza tena.

Mwezi wa kumi na nne kanda ya mwisho iliingia. Kesho yake mkurugenzi alikuja na karatasi iliyosema kwamba kanda zote zimehamishwa salama na zinaweza kuteketezwa. Pa kutia sahihi palikuwa pameandikwa jina lake kamili, lile ambalo hakuna aliyelitumia. Bi Kanda alishika kalamu, akaiweka chini.

"Kuna zile siku diski ilijitoa, mkurugenzi. Naomba mwezi mmoja nisikilize hadi mwisho."

Mkurugenzi alisema lori limekwisha kuitwa, mafundi ujenzi wamekaa tu wanamsubiri yeye. Kisha akauliza polepole, kama anayemuuliza mtoto: "Majina yote elfu nne yapo, au hayapo?"

"Yapo."

"Basi tia sahihi."

Akatia. Baadaye alilirudia jambo hilo kichwani mara nyingi kuliko lolote katika maisha yake, na kila mara alifika palepale: hakulazimishwa, hakushikwa mkono. Alichoka, akataka yaishe.

Wapakiaji walipokuja, alilichomoa boksi la kliniki, akasimama nalo. Lingeingia kwenye mkoba wake bila mtu kuona. Lakini kwa miaka ishirini na tisa yeye ndiye aliyewazuia watu kutoka na kanda, awe mtangazaji, awe mkubwa wake, hata mjane aliyekuja kulia akitaka sauti ya mumewe aliambiwa asikilizie palepale. Tena nyumbani hakuwa na mashine ya kuichezea, na mama alikuwa tayari ndani ya diski. Akalirudisha boksi kwenye mstari wake. Mpakiaji akalibeba na mengine, akayarusha juu ya lori. Jioni hiyo ziliteketezwa zote.

Miezi miwili baadaye kituo kilianza kujiandaa kwa sherehe ya kutimiza miaka hamsini. Mtayarishaji mmoja akataka sauti ya mtangazaji wa kwanza, yule mzee aliyekuwa akifungua matangazo ya asubuhi. Jina lilikuwapo. Alipobonyeza, hakusikia kitu. Akadhani spika ni mbovu, akabadilisha spika. Akajaribu jina la chini yake, kimya. Mpaka adhuhuri chumba kilikuwa kimejaa watu wanaobonyeza majina.

Ndipo ilipojulikana. Kumbe kompyuta ilikuwa ikiandika majina yote kwenye diski kwanza, ndipo ikaanza kumimina sauti, moja baada ya nyingine. Ilipolala katikati, diski ilikatika. Zilizotangulia zilikuwa nzima, iliyokuwa inamiminwa ilikatwa, na zilizofuata zilikuwa majina matupu. Zilizopotea zilihesabiwa mia tatu na thelathini na moja.

Bi Kanda alisubiri watu watoke kwenda kula. Akatafuta kliniki. Muda wake ulikuwa umeandikwa kamili, dakika tatu na sekunde hamsini. Akabonyeza, na moyo wake ukatulia aliposikia makelele ya watoto na sauti ya mtangazaji: "Tuko hapa kliniki, na huyu mama anangoja zamu yake. Mama, hujambo?"

Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Bi Kanda alikaa akasikiliza ule ukimya hadi sekunde ya mwisho, kwa sababu huenda mahali fulani kungekuwa na hata pumzi. Hakukuwa.

Siku ya kikao aliingia na daftari lake kifuani. Mezani walikuwapo mkurugenzi, ofisa utumishi na Waya. Alijua kwamba atatupiwa mzigo, lakini alijipa moyo, maana maandishi hayasahau. Waya aliulizwa kama aliwahi kuarifiwa. Akasema, macho yakiwa mezani, kwamba hakumbuki, watu wanamsimamisha kwenye korido kila siku kwa mambo madogomadogo. Bi Kanda akalifungua daftari, akalisogeza mbele ya mkurugenzi. Mara arobaini na moja, kila mara na tarehe yake.

Mkurugenzi alisoma kurasa zote bila haraka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Bi Kanda kumwona akifanya jambo bila haraka. Kisha akainua uso.

"Kumbe ulijua."

"Nilijua na nikasema."

"Ulijua mara arobaini na moja," mkurugenzi akasema, "kisha ukatia sahihi kwamba ziko salama."

Ofisa utumishi akaandika. Bi Kanda alitazama kalamu yake ikienda; sahihi ilikuwa yake kweli. Daftari aliloliandika ili limtetee likawekwa kwenye faili kama ushahidi dhidi yake, na hakurudishiwa. Barua ikaja wiki iliyofuata. Walimstaafisha miezi saba kabla ya wakati wake kwa neno moja, uzembe. Hakuagwa. Vitu vyake, yaani kikombe, kanga ya kujifunika baridi ya kiyoyozi na makasi ya kukatia kanda, vilimfuata nyumbani ndani ya boksi la karatasi za kuchapia.

Sherehe ilipofika, alisikia redio kupitia ukuta wa jirani. Walimweka mwigizaji aige sauti ya mtangazaji wa kwanza, na hawakusema kwamba ni mwigizaji. Jirani yake, mwanamke mstaafu kama yeye, alitoka uani akimsifia yule mtangazaji, akisema sauti za zamani zilikuwa na heshima yake. Bi Kanda akamwambia kuwa huyo si yeye. Jirani akamtazama kwa huruma, akabadili mazungumzo, na Bi Kanda akaelewa kwamba habari zake zimemtangulia. Sasa alikuwa mtu mwenye kinyongo na kituo.

Mwaka mmoja na nusu ulipita, na asubuhi moja mlango ukagongwa. Alikuwa Waya. Amenenepa kidogo, shati limepigwa pasi, begi la kompyuta begani. Alimwamkia shikamoo akiwa bado nje. Bi Kanda aliitikia, akamwonyesha kiti, hakumpa hata maji.

Alikuja kuaga, alisema. Amepata kazi kwingine. Lakini kuna jambo halimwachi. Siku ilipojulikana kwamba sauti hazipo, alikwenda akaiangalia ile kompyuta. Kompyuta zote za kituo alikuwa amezipanga zisilale. Hiyo ya chumba cha kanda haikuwa kwenye orodha yake, akaiacha ilivyokuja kutoka dukani. Siku ya kikao alikuwa anajua hayo. Mkurugenzi alimwambia kabla ya kikao kwamba mmoja wao lazima aondoke.

 Bi Kanda akamwambia afungue hiyo kompyuta yake, amwonyeshe. Waya akafungua, akaenda kwenye mipangilio, akaweka kidole juu ya mstari mmoja wenye kiduara kidogo.

"Hapo tu?"

"Hapo tu, mama."

"Bonyeza nione."

Waya akabonyeza. Haikuchukua hata sekunde. Akaanza kuomba msamaha, macho yamemlowa, na Bi Kanda akamkatiza. Alikwenda chumbani, akarudi na karatasi mbili nyeupe na kalamu, akaziweka mezani mbele yake.

"Hayo uliyoniambia, yaandike. Utie sahihi."

Waya alichukua kalamu. Akaandika tarehe juu kulia, akasimama hapo. Alisema mwandiko wake ni mbaya, afadhali akaandike kwake kwa utulivu, achape vizuri, ailete kesho yeye mwenyewe. Bi Kanda hakumbishia. Alimtazama akikunja karatasi zote mbili, ile yenye tarehe na ile tupu, akazitia mfukoni pamoja na kalamu, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Kesho yake Bi Kanda hakutoka nyumbani kutwa nzima, na mlango haukugongwa. Keshokutwa alikwenda sokoni akanunua kalamu nyingine.