Ya Barabarani ni Ajali, ya Angani ni Kujitakia

Nilitaka kuruka. Nasema hivyo mapema kwa sababu kwetu Misikhu hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Waliuliza tu kama nimerukwa na akili.

Ilikuwa miaka ile pikipiki za boda zilipomiminika Bungoma yote, zikazisukuma baiskeli pembeni. Mimi nilikuwa Kitale, nikiuza mbegu na dawa za mifugo katika duka la pembejeo. Asubuhi moja nikamwona mtu akipita juu ya mashamba ya mahindi, ameketi hewani, injini mgongoni, bawa la kitambaa juu ya kichwa. Alipita chini kiasi kwamba niliona soksi zake. Nilimsahau mteja niliyekuwa nampimia mbegu, naye akanikumbusha kwa sauti.

Mtu huyo akaja kuwa mwalimu wangu. Alikuwa fundi wa trakta aliyefundishwa kuruka na tajiri wake wa zamani, na sasa alifundisha watu wachache kwenye uwanja wa malisho upande wa Saboti. Wenyewe huita chombo hicho paramota. Watu wa huko walikiita feni, kwa sababu ya propela kubwa inayozunguka ndani ya kizimba nyuma ya mrukaji.

Nilidhani ningeruka wiki ile ile. Kumbe! Miezi ilipita nikifundishwa bawa tu, tena chini, nyasini: nilivute lisimame juu yangu, nilitulize, nilishushe, nilikunje. Kila Jumamosi nilipouliza lini, mwalimu alilowesha kidole kwa mate, akakiinua, akasema, "Leo hapana." Upepo una nguvu. Jua limepanda, hewa imeanza kuchemka. Zile nyaya za umeme kule mwisho bado huzioni ukiwa na haraka. Nilimchukia kabisa mtu yule. Jirani yangu mjini alijifunza pikipiki Jumatatu, Jumanne akawa amembeba mama mjamzito kumpeleka kliniki, na hakuna aliyemwambia leo hapana.

Siku moja nikamuuliza kwa hasira kama hiki kitu chake ni hatari kuliko boda.

"Hatari iko, nisikudanganye," akasema. "Lakini injini ikizima huko juu, bawa bado linakushusha pole pole, bora ujue pa kutua. Watu wanaumia kwa kuruka siku mbaya, ama kwa kukaribia maji na nyaya, ama kwa kujionyesha. Kule barabarani unaweza kufanya kila kitu sawa na bado lori likufuate upande wako. Huku juu lori hakuna. Mara nyingi ukiumia, ni wewe umejiumiza."

Nikayabeba maneno hayo hadi nyumbani kama silaha. Mama alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu na samaki wakavu, na kila siku ya soko alipanda boda akiwa amebanwa kati ya dereva na gunia. Nikangoja Jumapili, baada ya kanisa, yeye na mjomba wangu wakiwa mezani. Mjomba ni mzee wa kanisa, na mama hakuamua jambo bila yeye.

"Ati kuluka?" Mama akikasirika, r zake zote hugeuka l. "Kuluka uende wapi?"

"Siendi popote, Mama. Naruka, nazunguka, natua pale pale."

"Si basi ukae pale pale tu!"

Mjomba alicheka hadi akaweka tonge chini. Nikamweleza yote niliyoambiwa na mwalimu, lori na upepo na nyaya. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Kwa hivyo ukianguka, kosa ni lako."

"Mara nyingi, ndiyo, Mjomba. Ndiyo maana kuna usalama. Unaweza kujizuia."

"Basi umejijibu mwenyewe. Msiba wa kujitakia hauna kilio."

Muda si mrefu kabla ya hapo tulikuwa tumemzika jirani wa huko Misikhu aliyegongwa njia ya Webuye, watu watatu kwenye pikipiki moja, na ni Mjomba huyu huyu aliyesimama kaburini akasema ajali haina kinga, watu wote wakaitikia kwa kuguna. Hapo ndipo nilipoielewa hesabu yao. Hatari usiyoweza kuizuia ni ajali, na ajali huliliwa na wote. Hatari unayoweza kuizuia ni kiburi. Kile kile nilichokileta kama utetezi ndicho walichonihukumia. Ningewaambia kwamba huko angani kila kitu ni bahati nasibu, labda wangenibariki.

Nilirudi Kitale nimenuna, nikaendelea kuburura bawa. Hatimaye, Ijumaa moja, mwalimu akanipigia simu: hali ya hewa inaonekana nzuri, kesho nitaruka. Nilimpigia mama jioni hiyo. Sikutaka ruhusa, nilikuwa mtu mzima mwenye kazi yake. Nilitaka aseme tu nenda salama. Akakata simu.

Alfajiri aliondoka Misikhu kuja kunitoa uwanjani kwa sikio. Alishuka Kitale, akadandia boda ya kwenda Saboti, akamhimiza dereva aongeze mwendo kabla sijapaa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Dereva akajaribu kulipita trela la mahindi kwenye kona, na udongo wa murram ulioloa ukamkataa.

Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama injini mgongoni, kamba mikononi, upepo mtulivu wa kunipendeza hata mimi. Mwalimu alikuwa ameshasema leo ndiyo. Simu ikalia mfukoni mwake, kwa maana alikuwa amenishikia yangu, na jina lilikuwa la mama. Akaniwekea sikioni.

"Wewe ndio msichana wa huyu mathe?" sauti ya kijana ikauliza. "Ati tumeanguka kidogo."

Mwalimu alianza kufungua mikanda.

Kidogo hicho kilikuwa mguu uliovunjika chini ya goti. Hospitalini nilimkuta mama akiwasimulia wagonjwa wenzake, karibu kwa fahari, "Niliruka! Nilimpita huyu kijana juu ya kichwa, nikaupita na usukani." Nilikasirika hadi nikacheka. Miezi yote ile ya nyasi, na wa kwanza kuruka katika ukoo wetu akawa yeye.

Mjomba akafika. Akampa mkono dereva, aliyesimama kando ya kitanda na mkate chini ya kwapa, akamwambia, "Pole, kijana. Ajali haina kinga." Kisha akanigeukia. "Lakini wewe ndiye uliyemtoa nyumbani."

Nilitaka kupiga kelele. Kofia ya pikipiki mama hakuwa nayo, kona ilikuwa ya matope, kijana alikuwa mbioni, na mwenye kosa akawa mimi, niliyekuwa bado nimekanyaga ardhi.

Siku ya kuruhusiwa kutoka, mama alinishika mkono. Aliniita mayi, yaani mama kwa lugha yetu, jinsi anavyoniita akiwa hana nguvu ya kugombana.

"Mayi, niahidi. Nikijua uko huko juu sitalala tena. Nitakuwa nikisikiza simu tu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukaidi wake, si kwa woga. Nikaahidi. Iliniuma wakati ule, na inaniuma hata ninapoandika haya.

Nikatoka kwenda kumtafutia teksi. Niliporudi nayo langoni, mama alikuwa ameshapandishwa kwenye pikipiki, mguu wa plasta umenyooshwa mbele, Mjomba nyuma yake amemkumbatia asianguke. Aliyeshika usukani alikuwa kijana yule yule.

"Mama! Si huyu ndiye aliyekuangusha?"

"Si ndiyo maana," akasema. "Huyu ameshaanguka, sasa amejua. Wewe rudi kazini, na ukumbuke umeniahidi."

Wakaondoka. Dereva wa teksi akaniuliza sasa tunaenda wapi.